Lori la Unga la Ain Ratma

Makao ya Mkoa, 4 Septemba 1988

Dada Aljia,

Nimefika salama. Chumba nimepata juu ya duka la muuza viungo, kwa hiyo hata shuka zangu sasa zinanuka bizari. Kazi nimeanza Jumatatu.

Uliniuliza ofisi yetu inafanya nini hasa, maana mkuu wenu wa kijiji, Omda Sghayar, amekwambia ni ofisi ya kukaa na kungojea balaa. Hakukosea sana. Inaitwa Ofisi ya Mkoa ya Uratibu wa Dharura. Sisi wenyewe hatuna gari la zimamoto, hatuna kitanda cha mgonjwa, hatuna hata koleo. Walio navyo ni wengine: zimamoto, hospitali, watu wa barabara, watu wa maji wenye vituo vyao vya kupimia huko milimani. Sisi kazi yetu ni kuangalia kwamba siku ya siku hawa wote hawakimbilii mahali pamoja huku pengine watu wanakufa peke yao. Mkuu wangu, Bwana Monji, ambaye hapa wote tunamwita Si Monji, anasema tuko kama mama mwenye nyumba siku ya harusi: hapiki wala hachezi, lakini akiondoka hakuna atakayekula.

Mimi ni karani wa simu na redio ya upepo. Kila simu ikilia moyo unanidunda kama nimeiba kitu. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio na ninaogopa kukosea hata salamu. Wenzangu waliposikia natoka Ain Ratma wakaanza kuniita "mtoto wa wadi", kwa ajili ya ule mto wetu mkavu. Huwa nacheka nao.

Sasa nisikilize. Wiki ijayo tunafanya zoezi la kukimbia mafuriko huko kijijini kwetu. King'ora kimeshafungwa juu ya paa la shule. Omda atakipuliza tukimpa ruhusa, na kila mtu anatakiwa kupanda mlimani hadi shuleni. Najua wadi haijateremsha maji mwaka wa sita huu, lakini wataalamu wanasema ukame mrefu huvunjika kwa kishindo. Na nyumba ya akina shemeji Beshiri ndiyo iliyo chini kuliko zote. Nakuomba upande mapema na mwanao Nejma, na mama mkwe wako naye apande, watu waone. Hapa wataniuliza kama watu wangu walipanda.

Nejma ameanza kutembea? Mbusu kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Lazhar

*

Ain Ratma, 13 Septemba

Lazhar wa mama yetu,

Zoezi lenu tumelifanya, na nasikia redio imetutangaza kuwa kijiji cha mfano. Hongera. Sasa nikueleze lilivyokuwa.

King'ora kililia. Kuku wakaruka ukuta, punda wa Omda akakata kamba akaelekea kwao alikozaliwa. Sisi tukatoka milangoni kuulizana, "Ndiyo hiyo?" "Ndiyo." "Basi tupande?" "Ngoja kwanza nigeuze mkate." Hakuna aliyeinua mguu. Mara sauti ikatoka juu: "Lori! Lori lina unga!" Na kweli, watu wenu walikuwa wameleta lori la unga na mafuta ya kutushukuru kwa kushiriki. Hapo ungeona mbio! Haji Bourawi, ambaye magoti hayamruhusu kufika msikitini, siku ile magoti yalimruhusu akanipita. Ndipo yule bwana wa kamera akapiga picha.

Mama mkwe wangu Mbarka hakupanda. Nilimwambia, "Mama, twende, serikali inatuita." Akanitazama kama nimemtukana. "Inaniita kwa filimbi kama mbuzi? Na unga wao wawape wenye haja. Nyumba hii haijala unga wa lori na haitakula." Nikamwachia Nejma, nikapanda mimi kutazama tu.

Lakini mdogo wangu, usije ukalala usingizi kwa sababu ya ile picha. Watu walipanda kwa kuwa chini kulikuwa kukavu na juu kulikuwa na unga. Siku maji yakija kweli, nani atatazama juu? Zamani watu wa milimani walipoona maji walipiga bunduki, na sisi tukiisikia tulifanya nini? Tulishuka. Wewe mwenyewe ulishushwa begani ukirusha mateke, mama akakuosha miguu kwa maji ya kwanza, wanawake wakapiga vigelegele mpaka ukalia. Umesahau? Watoto wote waliozaliwa katika ukame huu miguu yao bado mikavu, na Nejma ni mmoja wao. Mbarka ameweka kwenye mkebe hina ya kumtia nyayoni siku hiyo, tangu alipozaliwa.

King'ora chenu ni bunduki tu iliyosomeshwa. Kikilia kwa maji ya kweli, wanawake wote watakuwa wadini na watoto wao kabla Omda hajashuka ngazi. Nami nitakuwemo. Waambie wakubwa zako.

Nejma anatembea kwa kushika ukuta. Akiuachia, anakaa chini na kujipigia makofi.

Dada yako,
Aljia

*

Makao ya Mkoa, 21 Septemba

Dada Aljia,

Barua yako nimeipata na nimeielewa. Nimemweleza Si Monji yote uliyoandika. Amenisikiliza vizuri na hatua zitachukuliwa. Usiwe na wasiwasi wowote.

Kazi ni nyingi siku hizi, kwa hiyo naishia hapa. Ndani ya kifurushi kuna lozi kidogo za chai yenu.

Lazhar

*

Ain Ratma, 29 Septemba

Mdogo wangu mpenzi,

Mungu akupe umri! Niliisoma barua yako kwenye tanuri la mkate, kwa sauti, wanawake wote wakinisikiliza na mikono imejaa unga wa ngano. Nilipofika pale pa "Si Monji amenisikiliza vizuri", mke wa Haji Bourawi akasema, "Kumbe serikali ina masikio, tulidhani ina mdomo tu." Wakacheka, lakini walifurahi, Lazhar. Hawajazoea kusikilizwa.

Tukalizungumza hadi mikate ikaungua upande mmoja. Tumeafikiana hivi: kwa kuwa ofisi yenu sasa inajua kwamba sisi lazima tushuke kwanza, bila shaka mtapuliza king'ora mapema kutupa nafasi. Kikilia tutashuka, tutawaosha watoto, halafu tutapanda shuleni sote kama mnavyotaka. Omda amekubali. Anasema hivyo ndivyo watu wenye adabu wanavyopatana.

Hata Mbarka amekusifu, na unajua sifa zake zilivyo adimu. Amesema, "Yule mdogo wako mwoga, angalau amesema neno moja la maana mbele ya wakubwa." Amemshonea Nejma gauni jeupe la siku hiyo. Halimtoshi, analivuta kifuani na kulia, Mbarka anasema maji yakija litamtosha.

Lozi zilikuwa tamu. Beshiri bado yuko migodini. Sisi wazima, hatuna shida yoyote.

Aljia

*

Makao ya Mkoa, 5 Oktoba

Dada,

Soma barua hii peke yako kwanza, halafu uwasomee wanawake wote.

Sikumwambia. Ile barua ya tarehe 21 ni uongo. Nilikwenda hadi mlangoni kwake asubuhi ile, barua yako mfukoni. Alikuwa anaitazama ile picha ya zoezi ambayo wameitundika ukutani. Akaniuliza, "Mtoto wa wadi, unataka nini?" Nikasema, "Nimekuja kuuliza kama unahitaji chai." Akasema anahitaji. Nikamletea chai.

Niliogopa watanicheka. Niliogopa wataandika kwamba karani mpya analeta habari za bibi zake. Nikakuandikia wewe yale niliyotamani yawe kweli, ili ulale, nami nilale. Barua yako ya tarehe 29 imenifikia jana.

Kuna jambo lingine ambalo hamlijui. Ule ukuta uliojengwa kulinda mji huko juu, mlioupita mkienda kwenye maonyesho ya tende, umeibana wadi pande zote mbili. Tangu ujengwe maji hayajawahi kuteremka. Mhandisi wa maji alitueleza mkutanoni: zamani maji ya kwanza yalifika kwenu yamechoka, yanatambaa. Sasa yatafika kama lori lililokatika breki. Kutakuwa na ulimi mwembamba mbele kama mlivyozoea, wa kuwadanganya, na nyuma yake yote yaliyobaki kwa pamoja. Hakuna nafasi ya kuosha mguu hata wa mtoto mmoja.

Leo nimesema. Mkutanoni, mbele ya wote. Mtu wa hospitali alinisogezea maji kwanza. Nikawaambia kwamba zoezi halikuthibitisha kitu, kwamba king'ora kitawaita watu wadini badala ya kuwaondoa. Mtu wa barabara akauliza, "Sasa hiyo mila ni ya idara gani?" Wakacheka. Mtu wa zimamoto akasema kazi yake ni kuwatoa watu majini, si kuwatoa kwenye imani zao. Si Monji hakucheka. Alisema, "Iandikwe. Tutaijadili mkutano ujao." Mkutano ujao ni tarehe 15.

Sitaki kungojea tarehe 15. Mkisikia king'ora msishuke. Mwambie Mbarka. Mwambie kwamba mimi ni mwoga kama anavyosema, na mwoga ndiye anayewaomba. Barua hii naipa basi la gulio kesho.

Lazhar

*

Ain Ratma, 7 Oktoba

Lazhar,

Haraka haraka, nampa barua hii mwalimu anayekuja huko. Tangu jana milima imejifunika na wingu jeusi, ingawa kwetu jua linawaka vilevile. Mbarka ametoa chetezo na kukisugua majivu. Wanawake wanaulizana kila saa, "Bado mdogo wako hajapuliza?" kana kwamba wewe ndiwe mwenye mawingu. Nawaambia watulie, ofisi inajua.

Basi la gulio halijapita, wanasema limeharibika njiani. Kama umeandika, barua yako imo humo.

Nejma ameuachia ukuta! Hatua kadhaa, kutoka kwa Mbarka hadi kwangu. Sasa ataingia wadini kwa miguu yake mwenyewe.

Aljia

*

Makao ya Mkoa, 9 Oktoba

Dada Aljia,

Sijui kama kuna mtu wa kuisoma barua hii. Simu ya shule imekufa tangu jana mchana, barabara imekatika, na helikopta imepita juu yenu bila kutua. Wameripoti kwamba watu wameonekana mlimani. Nimeuliza ni watu gani. Wakanijibu, "Watu."

Acha nikuandikie nilichofanya, kwa sababu nikikaa na mikono mitupu ninapata kichaa.

Jana adhuhuri nilikuwa peke yangu mezani. Si Monji alikuwa kwa mkuu wa mkoa. Kituo cha milimani kikaita kwenye redio ya upepo: maji yamepita, kipimo chenyewe kimechukuliwa. Utaratibu ni kwamba mimi namwarifu Si Monji, yeye anamwarifu mkuu wa mkoa, mkuu wa mkoa anaruhusu king'ora. Nilimpigia, nikaambiwa yuko ndani, ningoje. Na wakati huohuo simu ya Ain Ratma ikalia. Ilikuwa Omda Sghayar, saa yake ya kawaida ya kuripoti. Mchangamfu kama kawaida. "Habari za huko, mwanangu? Huku wanawake wananila nyama, wanataka king'ora. Nipulize?"

Nikaona gauni jeupe la Nejma. Nikasema, "Usipulize, ami. Usiguse king'ora."

"Maji yapo?"

"Yapo. Ndiyo maana usipulize. Tangaza kwenye kipaza sauti cha msikiti kwamba lori la unga limefika shuleni. Unga na mafuta, na ni kidogo, atakayewahi ndiye atakayepata."

Akauliza, "Lori liko wapi, Lazhar?"

"Hakuna lori, ami."

Akasema polepole, "Nimekuwa mkuu wa kijiji hiki tangu wewe hujaota meno. Unataka niwe mwongo kwa watu wangu, mchana kweupe, kwenye kipaza sauti cha msikiti?"

Nikasema, "Ndiyo, ami. Nakuomba." Nikarudia, "Nakuomba."

Akakata simu. Sijui kama alitangaza au hakutangaza. Si Monji alipopiga na ruhusa ya king'ora, laini ilikuwa imeshakufa.

Dada, kama uko hai niandikie neno moja. Hata tusi.

Lazhar

*

Ain Ratma, 18 Oktoba

Lazhar,

Niko hai. Nejma yu hai. Mbarka hayupo.

Barua zako mbili zimefika jana pamoja, ya tarehe 5 na ya tarehe 9, zote zimelowa. Nilifungua ya pili kwanza. Baadaye nikasoma ile ya kwanza, nikaenda nje, nikarusha mawe wadini mpaka mkono ukauma. Sijui yapi yalikuwa ya maji na yapi yalikuwa yako.

Omda alitangaza. Alitangaza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Na watu wakapanda, Lazhar. Wakapanda kama siku ile, na mabeseni, na magunia, wanacheka, wanasukumana. Watoto pia, wanawake pia, wote.

Nami nilipanda na beseni. Mbarka alikuwa anasali, Nejma amelala kando yake. Nikatoka kwa mlango wa nyuma kimya kimya. Nilikudanganya nami, mdogo wangu. Hata siku ya zoezi sikwenda kutazama, nilifuata unga. Beshiri hajatuma kitu tangu kiangazi, nilikuwa nauchanganya unga wa lori na wetu, Mbarka anakula na kuusifu mkate wangu.

Nilipofika juu hapakuwa na lori. Watu walikuwa wanauliza, "Liko wapi?" "Limepita nyuma?" Haji Bourawi alimshika Omda ukosi. Omda hakujitetea. Alikuwa anatazama wadi, hawatazami watu. Hapo nikakumbuka kwamba habari ya watu kupanda kwa ajili ya unga niliiandika mimi, na nilimwandikia mtu mmoja tu.

Nikatupa beseni nikateremka. Nilikuwa nasikia sauti huko juu bondeni, kama watu wanavuta makabati juu ya sakafu. Mbarka naye alikuwa ameisikia. Nilimkuta ukingoni mbele ya nyumba, amepiga magoti, amejifukiza, Nejma yuko pajani mwake na gauni jeupe. Maji yalikuwa membamba, ulimi tu wenye povu na vijiti, kama ulivyoandika. Mazuri. Ungeyaona ungesema ni maji yaleyale ya utoto wetu.

Nilipiga kelele. Akageuka anacheka. Akasema, "Umechelewa, binti. Imenibidi nipige vigelegele peke yangu." Akaninyooshea mtoto, nikampokea. Halafu akainama kuchukua mkebe wa hina.

Mikono yangu ilikuwa imejaa, Lazhar. Nilikuwa na mtoto.

Nilikimbilia ukuta wa bustani ya juu, nikageuka. Nyumba ilikuwa bado imesimama, lakini kwa muda mfupi tu.

Tumempata siku ya tatu, chini kabisa, kwenye mitende ya watu wengine. Tumemzika mlimani karibu na shule. Hakupenda kupanda huko.

Sikuombi chochote na sikusamehe chochote leo. Nilitaka ujue tu kwamba tuko hai.

Aljia

*

Makao ya Mkoa, 27 Oktoba

Dada yangu,

Maneno ya kukupa pole kwa Mama Mbarka nimeyaandika na kuyachana tangu asubuhi.

Nitakwambia tu yaliyotokea hapa, safari hii bila kupunguza. Mkuu wa mkoa alitaka iandikwe kwamba king'ora kililia kwa wakati na kijiji kikahama kama kilivyozoezwa. Si Monji aliniita nimwandikie. Nikafunga mlango, nikamwambia yote: chai niliyoleta badala ya kusema, barua ya uongo niliyokuandikia, simu ya Omda, lori lisilokuwepo. Alivuta sigara mbili bila kuniambia nikae.

Kisha akasema, "Unajua ubaya wa unga wako, kijana? Umeshaliwa. Siku nyingine utawaahidi nini? Sukari?"

Akazima sigara ya pili.

"Kazi yetu yote ni neno," akasema. "Hatuna kingine. Zimamoto wana magari. Sisi tuna watu wanaoinua simu na kutuamini. Wewe umelitumia neno letu lote kwa mchana mmoja. Labda ulifanya vizuri, maana kijiji kingekuwa makaburi. Lakini mfuko sasa ni mtupu."

Akaniamuru niandike ilivyokuwa kweli na niweke sahihi yangu, naye akatia yake chini. Kama watanithibitisha kazini au watanifukuza, sijui. Cha ajabu, simu zikilia siku hizi sishtuki.

Halafu tukatafuta lori. Unga wa kulipia uongo hauko katika idara yoyote. Mwishowe ameuidhinisha kama zoezi la pili. Utafika siku ya gulio lijalo, unga na mafuta, kwa kila nyumba. Lori la kweli, dada. Najua halimrudishi mtu. Lakini Omda ameniandikia mistari miwili tu: kwamba watoto wanampigia kelele "Unga!" akipita, na kwamba hajamtaja aliyemwagiza. Nimemwomba anitaje.

Na nina swali moja kwa wanawake wa tanurini, nalo safari hii naliuliza kwa niaba ya ofisi, limo katika ajenda: maji ya kwanza lazima yaguswe palepale wadini? Hakuna mahali pa juu ambapo yanafika yamepoa?

Lazhar

*

Ain Ratma, 8 Novemba

Lazhar,

Lori limefika. Lilipiga honi mlimani, Omda akatangaza kwa kipaza sauti, na hakuna aliyetoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mke wa Haji Bourawi, ambako tunalala siku hizi. Haji alikuwa anacheza karata. "Unga!" akasema, bila kuinua macho. "Mwambieni safari hii ataje na asali." Wenzake wakacheka. Kila nyumba ilikuwa inasikiliza na kila nyumba ilikaa.

Lori lilikuwa linaonekana, Lazhar. Lilikuwa jekundu na limesimama juu pale, na bado hawakuamini.

Nikachukua bakuli kubwa la Mbarka, lile la shaba. Tulilipata kwenye tope, limebonyea. Nikambeba Nejma, nikapita njia ya katikati ya kijiji, ile ambayo watu wote wanakuona. Sikutumia mlango wa nyuma. Nilisikia mtu anasema, "Si mkwe wa Mbarka yule? Wale hawali unga wa lori." Mwingine akasema, "Mwache, njaa haina jina la ukoo." Nikaendelea.

Dereva alikuwa anasoma gazeti. Nikamuuliza, "Unga upo?"

"Umejaa, dada. Vipi, watu wenu wameshiba?"

"Hawajashiba, wamedanganywa. Jaza."

Akajaza. Nikatia mikono ndani mpaka viganja vikawa vyeupe, nikasimama ukingoni ambapo kijiji kizima kinaniona, nikainua mikono, nikapiga vigelegele. Sikukusudia. Nadhani ni vile ambavyo siku ile sikuwahi kuvipiga. Ndipo wa kwanza akatoka mlangoni, na wa pili. Haji Bourawi alikuja na karata bado mkononi. Alipofika kwa Omda alisimama, akamsafisha vumbi begani, akasema, "Basi, mzee, kumbe husema kweli siku moja moja." Omda akalia mbele ya watu.

Dereva aliniuliza aandike nyumba gani. Nikamwambia aandike nyumba ya Mbarka.

Swali lako tumelijadili tanurini. Wengine walisema ofisi yenu isahau. Mke wa Haji akasema kuna mfereji wa zamani wa bustani za juu, maji yakijaa wadini huwa yanapanda humo taratibu, yanafika yakiwa bado na povu. Tutausafisha. Waambie watu wenu walete koleo, ambazo unasema hamna. Na king'ora kikilia tutakwenda huko. Sijakuahidi wote. Nimekuahidi wale watakaonifuata.

Kuna jambo moja sikukuandikia, kwa sababu nilitaka liwe langu kwanza. Siku ile, nilipompokea Nejma na kukimbia naye, alikuwa ananipiga mateke ubavuni, na nguo yangu ilikuwa inalowa. Nilipofika ukutani ndipo nikatazama. Miguu yake ilikuwa na maji na povu hadi magotini, na alama nyekundu ya hina, ya kidole cha Mbarka, katikati ya kila unyayo.

Kwa hiyo siku maji yakija tena, mimi na Nejma tutakuwa juu. Yeye ameshaoshwa.

Dada yako,
Aljia